Sura ya Tano: Nne Kamili

Inspekta aliianza siku kwa ugomvi ambao haukuwa wake. Saa moja na nusu asubuhi alikuwa amesimama na shangazi yake kwenye ofisi ya vitambulisho, mbele ya dirisha la sita, akimsikiliza karani akieleza kwa upole wa kuudhi kwamba dirisha la sita si la vitambulisho tena.

"Miaka yote ni hapa," shangazi alisema. "Wiki tatu zilizopita nilileta fomu yangu, ukaipiga muhuri mwenyewe. Nakala ndiyo hii. Imepokelewa."

"Ni kweli mama, ilipokelewa. Ila tangu mwezi uliopita dirisha hili ni la maoni na malalamiko. Vitambulisho wamehamia la tisa."

"Kwa hiyo fomu yangu iko wapi?"

"Iko kwenye maoni."

Shangazi alimgeukia Inspekta kana kwamba yeye ndiye aliyehamisha madirisha. "Unaona, mwanangu? Angenifukuza, ningejua nimefukuzwa, ningeuliza kwingine. Huyu kanipigia muhuri na kunichekea, nikaenda nyumbani kukaa mkao wa kusubiri."

Inspekta alimsindikiza hadi dirisha la tisa, akamkabidhi kwa mwisho wa foleni, kisha akaondoka mbiombio. Saa nane mchana faili lake lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na hakulipenda faili lile hata kidogo.

Halikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomkera. Chumba cha baridi cha bohari la chanjo kilikuwa kimepanda hadi nyuzi kumi na tisa, wakati chanjo hazitakiwi kuvuka nane. Mtambo wa kupoza ulikufa Jumapili mchana na king'ora hakikulia. Jumatatu asubuhi mtunza bohari alifungua mlango, akakutana na joto, akapiga kelele yeye mwenyewe. Shehena ya wilaya nzima ikawa takataka. Lakini kompyuta inayolinda chumba kile, inayoandika joto kila dakika, ilikuwa imeandika nne kamili, nne kamili, nne kamili, usiku na mchana, bila kosa hata moja. Mkuu wake alisema kuna mkono wa mtu. Pale bohari, neno la siri la kompyuta alikuwa nalo mtunza bohari peke yake. Tena juu ya rafu, mkono mmoja kutoka kwenye kihisio, kile kifaa kinachoipimia kompyuta joto, ilikutwa chupa ya chai isiyo na chai. Ndani yake mlikuwa na maji, na mfuko wa plastiki wenye vichupa viwili vya chanjo.

Mkuu aliandika kwa wino mwekundu: hujuma na wizi. Mkuu alipenda sana faili linalomalizika mapema.

Mtunza bohari aliletwa chumba cha mahojiano akiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa aliyokuwa akiikunja na kuikunjua.

"Hii chupa ni ya nani?" Inspekta aliuliza.

"Sijui, afande. Naomba simu. Dakika moja tu, niongee na mke wangu."

"Umeomba simu tangu jana. Ungekuwa unajibu kuhusu ile chupa kama unavyoiomba simu, tungekuwa mbali."

"Sijui, afande."

Alidanganya vibaya, kama mtu asiye na mazoezi. Inspekta alifungua orodha ya bohari na kuisukuma mbele yake. "Jana jioni niliisoma yote. Surua, polio, pepopunda, kifua kikuu. Vichupa vilivyokuwa mle ndani ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Bohari lako halina chanjo hiyo na halijawahi kuwa nayo. Sasa mtu anaibaje kitu ambacho hakipo?"

Mikono ilitulia. Mtunza bohari aliangalia mlango, akaangalia tena chupa.

"Binti yangu aliumwa na mbwa," alisema. "Ana miaka sita. Dozi tatu alipata zahanati, halafu zikaisha. Wakaniambia nitafute mwenyewe. Nikahangaika, nikapata mbili famasi ya mbali. Nyumbani hatuna friji, afande. Nikazificha pale kazini, kwenye chupa yenye maji baridi, maana chupa ya chai naingia na kutoka nayo kila siku, hakuna anayeuliza. Kuweka kitu chako mle ndani ni kufukuzwa kazi siku hiyohiyo."

"Na simu?"

"Leo ndiyo siku ya dozi ya nne. Mke wangu amekaa nyumbani ananisubiri mimi niipeleke. Hajui kwamba zimeharibika. Hajui hata niko wapi." Akaangalia tena mlango. "Ugonjwa ule haungoji mtu."

Inspekta aliandika namba ya mke, akainuka. Koridoni alimpigia mke, akampigia daktari wa hospitali kuu, akampigia mke tena. Dozi ilikuwepo kule, na mtoto alitakiwa afike kabla ya saa nane. Alipogeuka, Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake na mikono mfukoni.

"Nimesikia," Mkuu alisema. "Inahuzunisha. Haibadilishi kitu."

"Mkuu, mtu anayetaka kuua chumba haweki dawa ya mwanawe humo."

"Pengine alikizima king'ora kwa sababu nyingine, akasahau kukiwasha. Kumbukumbu zinasema nne, ndani kulikuwa na kumi na tisa. Mtu ameandika uongo. Niletee mwingine mwenye neno la siri, nitamwachia huyu. La sivyo, saa nane ni saa nane."

Ilikuwa saa nne na robo.

Fundi mkuu wa mifumo alimsubiri bohari akiwa amefika dakika kumi kabla ya miadi. Watu walimwita Rula, na Inspekta alielewa upesi kwa nini. Kabla hajaketi alisogeza kibodi ikawa sambamba na ukingo wa meza, akapanga kalamu tatu kwa urefu, ndipo akasalimia. Yeye ndiye aliyesimamia kompyuta za mabohari yote, na ndiye aliyeandika kwenye maelezo yake ya jana kwamba mfumo haukuwa na kosa.

"Narudia," Rula alisema. "Programu haijaguswa. Kama namba ni za uongo, mtu kaziingiza kwa mkono."

Inspekta alimpa kisogo. Aliingia chumba cha baridi, ambacho sasa kilikuwa chumba tu, akakishika kihisio kwenye kiganja na kukifumbata kama mtu anayekibembeleza. Alihesabu hadi mia mbili.

"Skrini inasemaje?" aliuliza kupitia mlangoni.

"Nne kamili."

"Imeandika lini?"

"Sasa hivi. Saa tano na dakika mbili."

"Mtuhumiwa wangu yuko selo tangu jana saa tatu asubuhi. Nani ameandika hiyo?"

Rula aliitazama skrini tena. "Huenda aliacha kitu ndani kinachoendelea kughushi."

"Kitafute."

Alikitafuta kwa nusu saa, faili kwa faili, bila kuruka hata moja, na Inspekta alimsimamia kichwani akiona muda unayoyoma. Hakukuwa na kitu kigeni. Ilikuwa programu ileile moja, ya miaka kumi na moja, ikifanya kazi yake kwa utii. Inspekta alivuta kiti, akaanza kusoma kumbukumbu kurudi nyuma. Nne kamili za leo, za jana, za juzi. Halafu, Jumamosi mchana, namba zikaanza kucheza: tatu nukta nane, nne nukta nne, tano nukta moja, kama chumba chochote kinachofunguliwa na kufungwa.

"Hapa," alisema. "Jumamosi jioni, saa kumi na mbili kasoro dakika moja, tatu nukta tisa. Kinachofuata ni saa kumi na mbili na dakika tatu, nne kamili, na haijabadilika tena. Katikati dakika tatu hazipo. Zimeenda wapi?"

"Kompyuta ilijizima na kujiwasha. Nilituma kiini kipya."

"Jana uliniambia hakuna kilichobadilika."

"Uliuliza kuhusu programu," Rula alisema, na haikuwa kujikosha, aliamini kabisa alichosema. "Programu haijabadilika hata herufi. Kiini kiko chini yake."

"Nielezee hicho kiini kama unavyoweza kumwelezea shangazi yangu."

Rula aliichukua kalamu moja, akairudisha palepale. "Programu haigusi kihisio yenyewe. Haina ruhusa. Inapeleka ombi kwa kiini, na kiini ndicho kinachogusa mashine na kurudisha jibu. Kila aina ya ombi ina namba yake. Ombi la kusoma joto lilikuwa namba arobaini na moja."

"Kama madirisha ya ofisi."

"Ndiyo, sawa, kama madirisha. Na sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba ndani ya kiini unabadilisha utakavyo, lakini namba za madirisha huzigusi. Programu iliyokwisha kujengwa imebeba zile namba tumboni. Haiwezi kuuliza njia. Inaenda palepale ilipozoea."

"Lilikuwa, umesema. Namba arobaini na moja ilikuwa."

Rula aliigusa tena ile kalamu. "Tulitengeneza njia mpya ya kusoma joto, bora zaidi, ikapewa namba mpya. Ya zamani nikaiondoa. Sikuiondoa kiholela, Inspekta. Nilipekua maandishi ya programu zetu zote, mstari kwa mstari. Hakuna hata moja iliyokuwa bado inaitumia."

"Na ya programu hii uliyapekua?"

"Ya hii hayapo," Rula alisema polepole. "Aliyeiandika alishastaafu, na diski yenye maandishi ilikufa. Limebaki faili lenyewe la kuendesha. Ni namba tupu, mtu hawezi kulisoma."

"Kwa hiyo ulitafuta kwenye maandishi ambayo hayapo, ukarudi ukasema hujaona kitu."

Rula hakuwa mtu wa kukubali kushindwa kwa hesabu isiyokamilika, akanyoosha kidole. "Subiri. Haiwezekani. Dirisha likifungwa, kiini hakinyamazi. Kinakataa. Kinajibu kwamba kazi hiyo haipo. Na mzee aliyeandika programu hii alikuwa mwoga wa kupindukia, programu ikikosa jibu mara moja tu king'ora kinalia mpaka majirani wanaamka. Nilimfahamu. Kingelia Jumamosi ileile. Hakikulia, na kumbukumbu hazina kosa hata moja. Kwa hiyo si kiini changu."

Inspekta alitafuta ufa. Hoja ilikuwa nzima. Aliangalia saa: sita kasoro. Alifikiria mtu mwenye mikono mikubwa aliyeketi kwenye selo, na hasira ikampanda, hasira ya bure isiyo na wa kumwangukia. Ndipo macho yake yalipotua kwenye zile kalamu tatu zilizopangwa kwa urefu bila kuacha nafasi, na sauti ya shangazi ikamjia na kila neno lake. Angenifukuza, ningejua nimefukuzwa.

"Ile namba uliyoiondoa," alisema, "uliiacha tupu?"

Rula alinyoosha kalamu ambayo ilikuwa imenyooka tayari.

"Nakuuliza. Arobaini, halafu pengo, halafu arobaini na mbili? Uliliacha pengo katikati ya orodha yako?"

"Lilikuwa linaudhi jicho," Rula alisema kwa sauti ya chini.

"Dirisha umempa nani?"

Rula alivuta kibodi, ikakaa upande na wala hakuinyoosha, akaandika amri ambayo, alisema, huonyesha kila ombi linalopita kati ya programu na kiini na jibu lake. Wakasubiri dakika igeuke. Mstari mmoja ukatokea: 41, kisha 0. Dakika iliyofuata, mwingine kama huo. 41, kisha 0.

"Sifuri maana yake nini?"

"Sawa," Rula alisema. "Hakuna kosa."

"Na siku hizi arobaini na moja ni dirisha la nini?"

"La kujiandikisha. Programu mpya zikiamka zinapita pale kusema ziko kazini. Kiini kinaandika jina, kinajibu sawa. Basi. Hakirudishi namba yoyote." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hii imekuwa ikiuliza joto ni kiasi gani, kila dakika, tangu Jumamosi. Na kila dakika inaambiwa sawa."

"Na nne kamili imetoka wapi?"

"Mzee aliiweka mwenyewe. Namba ya kuanzia, ili skrini isiwe tupu kabla ya kipimo cha kwanza kufika." Alikaa akiitazama skrini kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake ukiungua. "Kipimo cha kwanza hakikufika. Ningeliacha lile pengo, Inspekta. Ningeliacha tu lile pengo, king'ora kingelia."

Hakuwa mwovu, na Inspekta alitamani angekuwa, kazi ingekuwa rahisi. Kisha likamjia wazo jingine.

"Kiini hicho umekituma bohari hili tu?"

Rula alimwangalia. "Yote. Yote saba, Jumamosi."

Simu ya mezani ilikuwa na orodha ya namba imebandikwa ukutani kwa mistari iliyonyooka. Inspekta alipiga bohari la pili, lile lililo nyuma ya zahanati kubwa, akaweka spika. Mama aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kunywa chai.

"Skrini yako inasema ngapi, dada?"

"Nne kamili. Mbona?"

"Na jana?"

"Nne kamili. Tangu Jumamosi imetulia mpaka raha. Zamani ilikuwa inaruka huku na huku, sasa hata siiangalii tena."

"Una kipimajoto cha mkono?"

"Kipo droo. Hatujakitumia siku nyingi."

"Kichukue, ingia nacho ndani, usikate simu."

Walisikia droo, viatu, mlango mzito. Halafu hawakusikia kitu. Rula alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Sauti iliporudi haikuwa na chai tena.

"Hiki kinasema kumi na tatu," yule mama alisema. "Labda kimekufa. Lakini hata mimi nahisi joto."

"Hakijakufa. Leo mmetoa chanjo?"

"Ndiyo siku yake. Akina mama wamejaa uani. Wauguzi wamechukua kasha la kwanza sasa hivi."

"Kimbia," Inspekta alisema. "Wasichome mtoto hata mmoja. Kimbia, dada, acha simu."

Simu iligonga meza upande wa pili. Walisikia miguu ikienda, mbali sana walisikia vichanga wakilia, na hilo lilikuwa jambo baya kulisikia, maana halikusema wanalilia nini. Inspekta alisimama akiwa ameshika kipokeo ingawa spika ilikuwa wazi. Baada ya muda ambao saa ya ukutani iliuita dakika mbili, mtu aliokota simu akihema.

"Walikuwa wanafungua kichupa cha kwanza," yule mama alisema. "Hawajachoma."

Rula aliketi. Inspekta alimpa pumzi tatu, si zaidi. "Haya, mabohari matano yaliyobaki. Wewe piga matatu kwa simu yako, mimi mawili. Kila mtu aingie na kipimajoto cha mkono. Baada ya hapo, unarekebishaje?"

"Arobaini na moja inarudi kwa mwenyewe. Kusoma joto, kama zamani, hata kama ni programu moja tu duniani inayoihitaji. Kujiandikisha kunapewa namba mpya, mwisho wa orodha." Tayari alikuwa akipiga. "Na nikifunga dirisha tena maishani mwangu, litabaki limefungwa."

Manne yalikuwa salama, la tano lilikuwa limefika nyuzi tisa. Ilipotimu saa saba Rula aliomba karatasi, akaandika maelezo yake mwenyewe bila kuombwa, kurasa mbili, na Inspekta alizisoma akitafuta mahali alipojitetea. Hakupaona.

Mkuu alizisoma amesimama. Alirudia ukurasa wa kwanza, akaguna, akauliza kama sifuri ni sawa kweli. Kisha akalivuta faili lenye wino mwekundu na kulitia kwenye droo ya chini, asikolitafuta mtu.

"Mfungulie," alisema. "Hilo la chupa waamue wakubwa zake. Sisi halituhusu."

Saa nane kasoro dakika kumi, Inspekta mwenyewe alishuka selo na ufunguo. Mtunza bohari alisimama ghafla, mgongo ukutani. Hakuuliza kuhusu kesi. Hakuutazama hata ufunguo.

"Ni saa ngapi, afande?"

"Nane kasoro. Imekwisha, uko huru. Ilikuwa kompyuta. Utaelezwa."

"Mtoto," alisema. "Afande, mtoto."

Inspekta alitoa simu yake, akabonyeza namba aliyokuwa ameipiga mara mbili tangu asubuhi, akampa. Mtunza bohari aliishika kwa mikono yote miwili. Mkewe alipopokea, kabla hajasema lolote, ilisikika mpaka kule koridoni sauti ya mtoto wa kike akilia kwa hasira zote, akimlalamikia mtu kuhusu bega lake.

"Ameshachomwa?" mtunza bohari aliuliza.

"Hebu msikilize mwenyewe," mkewe alisema.

Alimsikiliza. Aliketi chini kwenye sakafu ya selo, mlango ukiwa wazi mbele yake, akamsikiliza mwanawe akilia mpaka akanyamaza.